Floridi 1.9, aseniki 8, naitreti 13: je, maji ya kisima changu yananyweka?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Tumechimba kisima nyumbani, na kabla ya kuanza kuyanywa maji yake nimeyapeleka maabara. Majibu ni haya: floridi 1.9 mg/L, aseniki 8 µg/L, naitreti (kama N) 13 mg/L, risasi haikuonekana. Jedwali la WHO nililolipata linasema floridi isizidi 1.5, lakini nimesoma pia kwamba Marekani wanaruhusu hadi 4. Nimwamini nani? Hayo mengine naona yako chini ya kiwango, maana aseniki ni 10 na naitreti ni 50, kwa hiyo sina wasiwasi nayo. Floridi ndiyo inayoninyima usingizi, kwa kuwa tuna mtoto wa miaka minne na mwingine wa miezi miwili anayetumia maziwa ya kopo. Na hizi namba hupangwa vipi hata nchi zitofautiane hivi?

Jibu: Floridi inaweza kusubiri wiki moja au mbili. Kinachonishtua kwenye karatasi yako ni naitreti, ambayo umeiruka. Tafadhali, kuanzia leo usikoroge maziwa ya mtoto mchanga kwa maji ya kisima hicho. Tafuta maji mengine ambayo unajua yamepimwa, kisha urudi uendelee kusoma.

Angalia tena yale maneno "kama N". Maabara imekupa uzito wa naitrojeni peke yake. Ile 50 ya kwenye jedwali la WHO inahesabu naitreti nzima, yaani naitrojeni pamoja na oksijeni iliyoshikamana nayo. Ili ulinganishe, zidisha jibu lako kwa 4.43: 13 inakuwa karibu 58. Umeshavuka. Marekani huandika kiwango chao kuwa 10 kama N, Umoja wa Ulaya huandika 50 kama naitreti, na anayesoma kwa haraka hudhani Ulaya wamelegea mara tano, kumbe wanasema karibu kitu kilekile. Zipo karatasi za maabara ambazo maelezo hayo yamefichwa chini kabisa ya ukurasa kwa herufi ndogo, na zipo zisizoyaandika kabisa. Ya kwako angalau imeyaweka peupe.

Mwaka 1945 daktari mmoja wa Marekani, Hunter Comly, alieleza habari za watoto wachanga wa mashambani Iowa waliokuwa wakigeuka rangi ya bluu baada ya kunyweshwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji ya visima. Naitreti ikiingia mwilini, bakteria huigeuza kuwa naitraiti, nayo naitraiti ikifika kwenye damu huibadilisha himoglobini isiweze tena kubeba oksijeni. Mtu mzima ana kimeng'enya cha kutosha cha kuirudisha himoglobini katika hali yake. Mtoto wa chini ya miezi mitatu bado hana. Taarifa za majimbo mbalimbali zilipokusanywa na kuchapishwa mwaka 1951, hakukuonekana mtoto aliyeugua kwa maji yenye chini ya 10 kama N, na mstari ukachorwa hapo. Yaani umechorwa pale pale ugonjwa unapoanza kuonekana. Viwango vya kemikali nyingine nyingi vimesogezwa mbali na hatari mara kumi, mara mia, hata zaidi. Hiki hakina akiba ya namna hiyo. Ndiyo maana kwa mtoto wa miezi miwili 58 mbele ya 50 si kuzidi kidogo, hata kama wewe mwenyewe ukiyanywa maji hayo hutasikia lolote.

Wala usiyachemshe ukidhani umeyatibu. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini naitreti haiondoki na mvuke: maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki, nawe unazidi kuikoleza. Ukiona midomo au kucha za mtoto zina rangi ya bluu au kijivu, nenda hospitali moja kwa moja na ubebe karatasi ya maabara. Jambo jingine: naitreti nyingi kwenye kisima kwa kawaida hutoka kwenye mbolea, samadi au choo kilicho karibu, kwa hiyo maji hayo yapimwe pia bakteria wa kinyesi. Karatasi yako haina kipimo hicho, na kwa kisima kipya hicho ndicho kilipaswa kuwa cha kwanza.

Nimeanzia huko kwa sababu nusu ya jibu lako imo humo humo. Namba kwenye jedwali zimepangwa safu moja, zinafanana kwa sura, lakini kila moja iliwekwa kwa sababu yake. Nyingine inalinda mtoto wa wiki chache asidhurike ndani ya siku mbili tatu. Nyingine inahesabu saratani ya miaka thelathini ijayo. Nyingine ni kile tu ambacho mitambo inaweza kufikia. Kabla ya kuuliza kama umevuka mstari, uliza mstari ulichorwa kwa ajili ya nani.

Sasa floridi yako. WHO na Marekani wote wanasema kweli, ila kila mmoja anajibu swali lake. WHO waliweka 1.5 mg/L mwaka 1984 na hawajaiacha mpaka leo. Pale wanatazama zaidi meno: maji yakivuka hapo, watoto wengi zaidi huota meno ya ukubwani yenye madoa, meupe yasiyong'aa kwanza, kisha ya kahawia kadiri floridi inavyozidi. Mifupa huanza kuathirika kwa watu wanaokunywa maji ya 3 hadi 6 mg/L kwa miaka mingi, na kulemaa kwa mifupa huonekana zaidi pale maji yanapopita 10.

Marekani mwaka 1986 waliianza hesabu kwenye ule ulemavu. Walichukua miligramu 20 kwa siku, kiasi kilichohusishwa na mifupa kulemaa mtu akikipata kwa miaka 20. Wakagawa kwa lita 2 za kunywa kwa siku, wakapata 10. Wakagawa tena kwa 2.5 ili kuacha akiba, ikawa 4. Meno yenye madoa waliyaweka katika kundi la mambo ya sura, wakayapa kiwango cha pembeni cha 2, ambacho maji yakikivuka mtoa huduma analazimika tu kuwaarifu wateja. Na tangazo lenyewe la kuwaarifu linashauri watoto wa chini ya miaka tisa wapewe maji mengine! Mwaka 2006 Baraza la Taifa la Utafiti la huko huko Marekani lilishauri 4 ishushwe. Kwa hiyo mtu akikuambia "hata Marekani wanaruhusu 4", muulize anazungumzia uti wa mgongo wa mtu mzima au meno ya mtoto. Binafsi naona aliyeyaita meno ya mtoto suala la sura hakuwa yeye wa kwenda nayo shuleni.

Kuna tofauti nyingine iliyo halali kabisa. Hesabu ya lita 2 kwa siku si ya kila mtu. Anayefanya kazi juani hunywa mara mbili ya hapo, na kwa hiyo hupata floridi mara mbili kutoka maji yaleyale. WHO wenyewe wanazitaka nchi ziangalie kiasi cha maji ambacho watu wake hunywa na floridi wanayoipata kwingineko kabla ya kuichukua 1.5 kama ilivyo. Halafu kuna nchi ambazo ardhi yenyewe imejaa floridi. Tanzania, kwa mfano, kwa muda mrefu ilivumilia hadi 8 mg/L kwa maji ya vijijini, si kwa sababu mtu alidhani 8 ni salama, ila kwa sababu kuvifunga visima hivyo kungewaacha watu bila maji. Baadaye wakashuka hadi 4, kisha 1.5.

Kwako wewe na mwenzako, 1.9 si dharura. Kwa wa miaka minne ni jambo la kushughulikia, kwa kuwa meno yake ya ukubwani yanajengwa ndani ya ufizi sasa hivi na yataendelea kujengwa hadi karibu miaka minane. Madoa yakishaingia kwenye jino hayatoki kwa kubadilisha maji. Mpatie maji yenye floridi ndogo ya kunywa na kupikia, na dawa ya meno iwe kidogo sana, atemee nje asimeze. Kuoga na kufua kwa maji ya kisima hakuna neno.

Umeuliza namba hupangwa vipi. Kwa kemikali ambazo mwili unazistahimili hadi kiasi fulani, hesabu huwa ya wazi kuliko watu wanavyodhani, na inafaa uione mara moja mwanzo hadi mwisho. Tuchukue klorofomu, ambayo huzaliwa klorini inapokutana na mabaki ya majani na udongo kwenye maji. Msingi wa kiwango cha WHO ni mbwa. Kwa miaka saba na nusu mbwa wa aina ya beagle walipewa klorofomu ndani ya dawa ya meno, kisha maini yao yakachunguzwa. Kutokana na madhara yaliyoonekana kwenye maini, wataalamu walikadiria kipimo cha chini, wakakigawa kwa 25: sehemu moja kwa kuwa binadamu si mbwa, sehemu nyingine kwa kuwa binadamu hawafanani wao kwa wao. Wakapata mikrogramu 15 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Zidisha kwa mtu wa kilo 60: mikrogramu 900. Wakakisia kwamba robo tatu ya hizo ndiyo inayoweza kuachiwa maji, zinazobaki ziingie kwa hewa na chakula: 675. Gawa kwa lita 2: 337. Wakaifupisha, ikawa 300 kwa lita.

Tazama ni mara ngapi neno "wakakisia" lingeweza kuingizwa humo. Uzito wa kilo 60, lita 2, robo tatu, ile 25, na hata kuifupisha namba mwishoni. Nchi nyingine ikichukua mbwa walewale na kuamua kwamba maji yaachiwe sehemu ya tano tu, itapata namba ndogo karibu mara nne, na hakuna aliyedanganya. Sehemu kubwa ya tofauti unazozikuta kati ya nchi na nchi zinatoka hapo. Na kwa klorofomu kuna sharti ambalo WHO wamelisema waziwazi: mtu asipunguze klorini hadi vijidudu vipenye, eti anakimbia klorofomu. Kipindupindu hakisubiri miaka saba.

Aseniki haihesabiwi hivyo. Unasema 8 iko chini ya 10 na umeridhika, na kisheria uko sawa katika nchi nyingi. Lakini hiyo 10 haikutoka kwenye mbwa wala kwenye hesabu ya usalama. Kiwango cha zamani cha Marekani kilikuwa 50, kilichowekwa mwaka 1942. Mwaka 2000 EPA, mamlaka yao ya mazingira, walipendekeza 5, ikazuka vita ya gharama hasa kwa miji midogo, na mwaka 2001 wakaishia kwenye 10, iliyoanza kudaiwa mwaka 2006. Lengo lao la kiafya kwa aseniki, lile lisilotazama gharama, ni sifuri. Jopo la wanasayansi lililopitia ushahidi mwaka 2001 lilikadiria kwamba anayekunywa maji ya 10 maisha yake yote ana nyongeza ya hatari ya saratani ya kibofu au mapafu inayozidi mtu 1 kwa kila 1,000. Kwa kemikali nyingine wadhibiti huanza kupiga kelele hatari ikifika 1 kwa 10,000, au hata 1 kwa 100,000. Jimbo la New Jersey limeweka 5, na Denmark vilevile 5. WHO nao wanaiita 10 yao kiwango cha muda, kwa sababu ya ugumu wa kuiondoa aseniki kwenye maji.

Upande wa pili kuna Bangladesh, ambako sheria imebaki na 50. Ukilitazama jambo hili kutoka mbali utawalaumu. Ukilitazama kwa karibu utakuta pampu za mkono zimepakwa rangi: nyekundu kwa zilizozidi 50, kijani kwa zilizo chini. Pampu ya 49 ni ya kijani na ya 51 ni nyekundu, ingawa mwili wa mtu hauwezi kuzitofautisha. Wangeishusha hadi 10, pampu nyingi zaidi zingekuwa nyekundu, na visima hivyo vilichimbwa ili kuwaondoa watu kwenye maji ya madimbwi yaliyokuwa yakiua watoto kwa kuhara. Sisemi 50 ni nzuri. Makumi ya mamilioni ya watu wamekunywa aseniki kule na wengi wameugua. Nasema aliyeishika kalamu alikuwa anapima vifo vya aina mbili kwa pamoja.

Tena aseniki haina haraka. Jiji la Antofagasta nchini Chile lilianza mwaka 1958 kuletewa maji ya mto yenye aseniki karibu 860 kwa lita, na mtambo wa kuisafisha ukajengwa mwaka 1970. Aseniki ikapungua sana, lakini vifo vya saratani ya mapafu na kibofu viliendelea kuwa juu kwa miongo mingi baadaye. 8 yako si 860. Haitaki hofu, inataka mpango: ukinunua kifaa cha kusafisha kwa ajili ya naitreti na floridi, chagua kinachoondoa na aseniki.

Risasi "haikuonekana", lakini umechukua maji wapi? Kama chupa ilijazwa mdomoni pa kisima, jibu hilo halikuambii lolote kuhusu bomba la jikoni. Risasi ni nadra kutoka ardhini. Hutoka kwenye mabomba, viungio na vichwa vya bomba vya shaba nyeupe, hasa maji yakilala humo usiku kucha. Mwaka 2014 mji wa Flint, Marekani, ulibadilisha chanzo cha maji bila kuweka dawa ya kuzuia kutu, na maji yakaanza kuila risasi iliyokuwa imetulia ndani ya mabomba kwa miaka mingi. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Ile 15 (mikrogramu kwa lita) iliyotumika Marekani kwa risasi tangu 1991 haikuwa kiwango cha afya hata siku moja. Ilikuwa kengele ya kumwambia mtoa huduma ashughulikie mabomba yake. Mwaka 2024 waliandika kanuni ya kuishusha hadi 10, na Ulaya wana hadi 2036 kufika 5.

Ukikutana na viuatilifu kwenye jedwali la Ulaya utaona karibu vyote vina 0.1 µg/L, vikali na vipole pamoja. Usitafute sayansi ya sumu hapo. Walichosema ni kwamba dawa ya kuua wadudu haina kazi kwenye maji ya kunywa, basi, wakachagua namba iliyokuwa karibu na ukomo wa mashine za kupimia za wakati ule. Kemikali za PFAS, zile za kwenye sufuria zisizogandisha na povu la zimamoto, ni hadithi inayofanana nayo kidogo: Marekani walikuwa na ushauri wa nanogramu 70 mwaka 2016, mwaka 2024 wakaweka 4 kwa kemikali mbili za kundi hilo, PFOA na PFOS, ambacho ndicho kiasi kidogo kabisa ambacho maabara nyingi zinaweza kukipima kwa uhakika.

Ujue pia kwamba viwango vyote hivi vinambana mtoa huduma, si wewe. Sheria ya maji ya kunywa ya Marekani, mathalani, inaanzia kwa anayehudumia watu 25 au nyumba 15, na mwenye kisima chake nyumbani ameachwa ajisimamie. Nchi nyingi ziko hivyo. Hakuna mkaguzi atakayekuja, kwa hiyo wa kukagua ni wewe.

Kuhusu vifaa: chujio la mkaa peke yake litaboresha ladha lakini halitaondoa naitreti wala floridi, na aseniki litaigusa kidogo tu. Mtambo wa osmosisi ya kinyume, ule wa utando, hupunguza zote tatu, ila hutupa maji mengi na utando unahitaji kubadilishwa. Mkaa wa mifupa au alumina amilishi huondoa floridi vizuri lakini naitreti hazizuii. Aseniki ya majini huwa ya namna mbili, na ile ya visima virefu visivyo na hewa hupenya utando kwa urahisi zaidi. Ikitiwa klorini kwanza hubadilika na kukamatika, ila klorini hiyo iondolewe kwa mkaa kabla maji hayajafika kwenye utando, maana huuharibu. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha majibu ya maabara ya maji yaliyotoka kwenye mtambo wake, mpite.

Kabla ya kununua chochote, pima tena. Naitreti hupanda na kushuka na mvua, kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi. Chukua kimoja wakati wa kiangazi na kimoja wiki chache baada ya mvua kubwa. Omba na bakteria, na uiambie maabara iandike naitreti "kama naitreti" ili usipige hesabu tena. Kwa risasi peleka chupa mbili za peke yake: moja ya kisimani, nyingine ya bomba la jikoni, iliyojazwa asubuhi kabla mtu yeyote hajafungua maji, na kila chupa iandikwe mahali na saa.